Kufunga nyumba miezi mitano, Luchelele Mwanza: maji, umeme, unyevu na wadudu

Mkazi_Luchelele

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi na mke wangu tuna Coaster iliyogeuzwa nyumba: kitanda, jiko la gesi, tenki la maji lita 120, sola juu. Tunaondoka Mwanza katikati ya Novemba kuelekea Tanga na Pwani, kurudi ni katikati ya Aprili. Nyumba inabaki tupu muda wote huo.

Nyumba iko Luchelele, zaidi kidogo ya mita mia kutoka ziwani, na nyuma yake kuna kilima cha mawe. Ni ya tofali za saruji, bati la msauzi, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu yenye nyavu. Maji ya MWAUWASA (mamlaka ya maji Mwanza) yanapanda simtanki la lita 3,000 juu ya mnara wa zege, halafu pampu ndogo ya presha inasukuma ndani. Vyoo viwili vya kukaa. Umeme wa LUKU (wa kulipia kabla kwa tokeni), na pembeni kuna sola ya akiba yenye betri mbili za maji, 12V 100Ah kila moja. Kuna friji, friza na mtungi wa gesi wa kilo 15. Kijana wa jirani atapita mara moja kwa wiki, ila halali hapo.

Miongozo ninayoikuta mtandaoni ni ya Marekani na Kanada: puliza maji yote yatoke kwenye mabomba kwa kompresa, mwaga antifrizi chooni, na kadhalika. Baridi yetu ya Julai ni ya sweta tu. Sasa kipi kinatuhusu na kipi hakituhusu? Tenki niliache limejaa au tupu? Friji izimwe? Taa ya nje iwake? Nipulizie dawa ya wadudu siku ya kuondoka?

Nawasilisha.

---

FundiBomba_Kirumba

Mkuu, hiyo miongozo ya barafu iache hukohuko. Wanapuliza mabomba kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na kupasua bomba au koki. Antifrizi ni ya kuzuia yale maji kidogo yanayobaki chooni na kwenye trapu yasigande. Luchelele hakuna kinachoganda. Ukitaka ya kukufaa, tafuta maandishi ya wale wastaafu wa Marekani wanaokaa Florida na Arizona wakati wa baridi, kisha Aprili au Mei wanafunga nyumba na kupandisha kaskazini na magari-nyumba yao. Nyumba zao zinabaki kwenye joto. Za Arizona zinakaushwa, za Florida zinaliwa na unyevu, kuvu, mende na radi. Wewe wako ni ugonjwa wa Florida.

Nianze na maji kwa sababu ndiyo yanayoharibu haraka kuliko vyote.

Funga valvu iliyo baada ya mita, usitegemee boya la tenki. Boya likichoka, maji yanapita kwenye ovafloo miezi mitano na bili ni yako. Na presha ya bomba la mtaa hupanda usiku watu wakilala. Ndiyo saa fleksibo (vile vibomba laini vya kuunganishia) za chini ya sinki na pembeni ya choo hupasuka, kama zimeungwa moja kwa moja na bomba la mtaa. Kukiwa na watu ndani utasikia. Nyumba tupu itamwaga mpaka mpita njia aone maji yanatoka getini.

Ukishafunga, simama kwenye mita dakika tano uangalie kile kigurudumu kidogo katikati. Kikiendelea kuzunguka hata polepole, valvu haifungi, au bomba kati ya mita na valvu linavuja. Geti valvu za bei ya chini hukataa kufunga baada ya muda kwa sababu mchanga unakaa kwenye kitako; ng'oa, weka ya mpini wa kugeuza robo. Kisha piga picha ya namba za mita.

Tenki: usiliache tupu. Simtanki tupu ni jepesi na dhoruba za ziwani zinaliangusha kutoka mnarani. Wala hakuna haja ya kuliacha limejaa hadi juu. Lioshe, jaza hadi theluthi, yaani lita 1,000. Tani nzima hiyo, haliendi popote. Funga valvu ya kutokea. Mdomo wa ovafloo na tundu la hewa vifunge kwa wavu wa mbu uliokunjwa mara mbili na kubanwa kwa waya. Kwenye joto letu mbu anatoka yai hadi kuruka ndani ya siku saba hadi kumi, hivyo tenki lisilo na wavu ni shamba la mbu la mtaa mzima. Hayo maji ukirudi si ya kunywa, ni ya kuoshea sakafu na tenki lenyewe.

Baada ya hapo toa presha ndani: fungua koki ya chini kabisa (kwa kawaida ile ya nje), halafu fungua ya bafuni ili hewa iingie na maji yashuke. Vuta maji vyoo vyote, kausha tenki la choo kwa sponji. Kisha funga koki zote. Ukiziacha wazi, siku mtu akigusa valvu ya nje nyumba inageuka bwawa.

Pampu ya presha: chomoa, fungua boliti ya chini imwage maji. Ikikaa miezi na maji, sili ya shafti inaganda mahali pake. Ukiiwasha inavuma bila kuzunguka na koili inaungua. Dawa yake ni kuizungusha kwa mkono kabla ya kuwasha: upande wa feni kuna mkato wa bisibisi. Igeuze mizunguko michache, jaza maji, ndipo uwashe.

Sasa trapu, yaani ile shingo iliyopinda chini ya sinki na ndani ya tundu la bafuni. Maji yanayokaa pale ndiyo yanayozuia harufu ya shimo na mende kupanda. Yakikauka, unarudi nyumba inanuka choo ilhali hakuna aliyeitumia. Za sakafuni hukauka kwanza kwa kuwa ni fupi na mdomo wake ni mpana. Kwa vile una kijana wa kupita kila wiki, amwage nusu lita kila tundu na lita moja kila choo. Vyoo viwili na matundu manne ni lita 4 kwa safari. Wiki 22 ni lita 88. Muachie madumu matano ya lita 20 yaliyofungwa vizuri jikoni, hahitaji kugusa valvu yoyote.

Kama hana uhakika wa kupita, ongeza vijiko viwili vya mafuta juu ya maji ya kila trapu ili yasikauke haraka. Tumia mafuta ya watoto yale ya majimaji. Ya kupikia yanachacha na kuita sisimizi. Vyoo hapo unavifunika kwa nailoni, gundi kuzunguka ukingo, kisha unashusha kifuniko.

Shimo la maji taka liache kama lilivyo. Usimwage jiki kwa nia ya kuliacha safi, unaua bakteria wanaofanya kazi.

---

Umeme_Nyegezi

Naongezea upande wangu. Fundi wa Kirumba kamaliza wa kwake.

Bonde la Ziwa Victoria liko kati ya maeneo yenye ngurumo nyingi duniani, na nyingi hutokea usiku na alfajiri juu ya ziwa lenyewe: hewa baridi inashuka kutoka nchi kavu pande zote, inakutana katikati, inainua mvuke. Mtu wa ufukweni anapata radi wakati amelala. Wewe utakuwa haupo Novemba hadi Aprili, yaani sehemu kubwa ya vuli na nusu ya masika.

Kuzima swichi ya soketi si kinga. Nafasi ndani ya swichi ni milimita chache tu. Mshtuko wa radi unaruka. Chomoa plagi yenyewe: tivii, ruta, friji, friza, pampu, maikrowevu. Chomoa na kebo ya dishi nyuma ya dekoda, kwa sababu radi ikipiga karibu, dishi lililo juu ya bati ndilo mlango wake. Watu wanakumbuka plagi na kusahau hiyo kebo.

Kagua ethi. Fuata waya kutoka meni swichi hadi nondo iliyo ardhini. Kibanio kiwe kimekaza na hakina kutu ya kijani, na waya wenyewe uwepo. Waya wa shaba huibwa, na nyumba haionyeshi dalili yoyote mpaka siku ya hitilafu.

Halafu zima meni kabisa. Uniti zako zinabaki kwenye mita, haziozi. Toa betri ndogo kwenye rimoti ya kuingizia tokeni, zikikaa humo miezi zinavuja na kuila.

LUKU ina jambo lingine: kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU tangu 2021. Miezi usiyonunua umeme haifutwi, inajilimbikiza, na siku ukirudi ukanunua wa shilingi elfu kumi inakatwa yote kwa mpigo. Unapata uniti kiduchu na kuanza kugombana na mtu wa dirishani. Nunua kidogo kila mwezi kwa simu ukiwa hukohuko Tanga, hifadhi ujumbe wa tokeni, ukirudi ziingize kwa mpangilio wa tarehe, ya zamani kwanza.

Sola usiizime yote. Betri za maji zikiachwa bila chaji zinapoteza zenyewe kama asilimia 5 kwa mwezi, na zaidi kukiwa na joto. Zikikaa nusu tupu kwa miezi, salfeti inagandia kwenye sahani na hazirudi tena. Kwa hiyo paneli na chaji kontrola viendelee kufanya kazi. Unachokata ni inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi), maana inakunywa umeme hata kama hakuna kilichowashwa. Jaza maji ya betri (yale yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, si ya bomba) hadi alama. Chumba cha betri kiwe na tundu la hewa juu, maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Kabla ya kuondoka pima zikiwa zimepumzika saa chache: 12.7V zimejaa, 12.2V ni nusu. Moja ikiwa chini sana ya mwenzake, itoe, itamvuta na mwenzake. Mwezi wa Januari kijana aangalie maji.

Taa ya usalama iunge kwenye sola hiyohiyo, upande wa 12V. Taa ya wati 10 ikiwaka kwa saa 12 inakula kama 10Ah kwa usiku, na wewe una 200Ah. Hata siku tatu za mawingu haitikisiki.

Friji na friza: zima zote mbili. Toa chakula chote, yeyusha barafu, osha, kausha hadi kwenye mikunjo ya mpira wa mlango, acha milango wazi kwa kuweka kijiti au taulo lililokunjwa ili isijifunge. Nyuma ya friji, juu ya kompresa, kuna kisahani cha kupokea maji, kimwage. Anayeng'ang'ania kuacha friza na samaki ndani, basi agandishe kikombe cha maji, aweke sarafu juu ya barafu. Akirudi akute sarafu iko chini, ajue umeme ulikatika kwa muda mrefu, kila kitu kiliyeyuka na kuganda upya. Atupe chote, hata kama kinaonekana kigumu.

---

Mama_Igombe

Kaka wa Luchelele, karibu. Mafundi wamesema vizuri ila wote wawili wamepita mbali na kitu kinachoharibu nyumba nyingi huku kwetu: hewa iliyofungwa na vijidudu.

Kupulizia dawa siku ya kuondoka ni pesa ya kutupa. Dawa ya moshi inaua waliomo siku hiyo, kesho haina kazi. Ya kupaka ukutani inapungua nguvu mwezi hadi mwezi, na panya wala popo haiwahusu. Hizo hela nunua waya wa chuma wa kusugulia sufuria na saruji. Panya mdogo anapita tundu la milimita 6, unene wa kalamu ya risasi. Panya mkubwa anataka milimita 12. Popo mdogo naye anapita upenyo mwembamba. Zunguka nyumba nje: mabomba yanapoingia ukutani, nyaya za umeme, pembe za bati na ubao wa ukingoni, chini ya milango. Sindilia waya wa chuma, juu piga saruji. Silikoni peke yake panya anaitafuna. Kwa popo, hakikisha kwanza wametoka: simama nje jioni uone wanatokea wapi, ziba siku nyingine baada ya kuona hawatoki tena. Ukiwafungia ndani watafia juu ya jipsamu, na doa lake halifutiki kwa rangi.

Kwa sababu hiyohiyo usiache sumu ya panya. Atakula, atapanda darini, atafia huko Desemba, na wewe uko Pangani. Mitego ya kubana inatosha. Kijana aiangalie kila wiki.

Mchwa: mvua za kwanza za vuli ndipo kumbikumbi wanaporuka, na wakidondoka wanatafuta mahali pa kuanzisha. Oktoba kagua msingi mzima na fremu za milango. Ukiona njia ya udongo imepanda ukutani, vunja kipande cha kidole kimoja, rudi baada ya siku tatu. Ikiwa imezibwa, wapo kazini na hapo ndipo dawa ya mchwa ya kumwaga ardhini ina maana, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Uko karibu na ziwa, usizidishe, maana mvua itaipeleka kwenye maji ya watu na samaki. Ndani, maboksi ya karatasi, vitabu na mbao vitoke ukutani na sakafuni, viwekwe juu ya tofali.

Chakula: dagaa wasibaki hata kijiko. Harufu yake inaita sisimizi, siafu, panya na paka wa mtaa mzima. Unga, ngano na mchele gawa. Mahindi ukiwa nayo mengi na ni makavu kweli, unyevu chini ya asilimia 13, weka kwenye ile mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhi bila dawa: jaza, kandamiza utoe hewa, funga kila tabaka peke yake kwa kukunja na kamba. Dumuzi anakosa hewa. Ila mfuko ukitobolewa na panya umepoteza yote, kwa hiyo tunarudi palepale kwenye matundu.

Unyevu sasa. Makosa ya wengi ni kufunga nyumba kabisa, madirisha yote, mapazia yote, milango ya vyumba yote. Ndani ya miezi mitano ya mvua kuvu inapanda nyuma ya kabati, kwenye viatu vya ngozi, chini ya godoro. Unachotaka ni nyumba iliyofungwa kwa mwizi na iliyo wazi kwa hewa. Matundu ya juu ya ukuta yabaki wazi na wavu wake uwe mzima. Milango yote ya ndani wazi, ya makabati wazi, droo zivutwe kidogo. Sofa na makabati vitoke ukutani kiasi cha shibiri. Godoro lisimame wima, lisiguse ukuta. Nguo ziwekwe zikiwa zimefuliwa na kukauka kabisa, maana jasho na unga wa ngozi ndiyo chakula cha kuvu na nondo. Mkaa na bakuli za chumvi wanazoweka watu pembeni ya chumba, hazifanyi lolote kwa nyumba nzima. Acheni.

Na kabla ya hayo yote, bati. Kijana mwepesi apande juu akague skrubu moja moja. Ule mpira wa chini ya kichwa jua linaupasua, na mvua ya upepo inapita hapo. Halafu mchana ingia darini, zima tochi, tulia dakika moja. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni mvujo unaokusubiri. Jipsamu haihitaji maji mengi, tone moja kila mvua kwa mwezi linaifanya ibonyee na kuanguka na taa yake.

Gesi: funga valvu ya mtungi, toa regulata, weka kifuniko chake, mtungi usimame wima mahali penye hewa. Usiubebe kwenye Coaster kama nyongeza.

---

Mzee_Pasiansi

Kuhusu taa ya nje sikubaliani na bwana wa Nyegezi, si kwa umeme wake bali kwa mahali. Taa nyeupe inayowaka usiku kucha mita mia kutoka ziwani inakusanya vile vidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi, hasa siku za mwezi mchanga, na wakati wa vuli unaongeza kumbikumbi. Wakifa wanarundikana mlangoni na dirishani, wananuka kama samaki aliyelala, buibui na mijusi wanahamia, na rundo la kumbikumbi mlangoni mwa nyumba isiyofunguliwa ni tangazo kwamba wenyewe hawapo. Weka taa ya rangi ya manjano, tena juu ya nguzo getini au pembe ya ukuta, mbali na milango na madirisha. Yenye kihisi mwendo ni bora zaidi.

Umesema nyuma kuna kilima cha mawe. Hapo pana hatari kuliko ziwa. Mwamba haunywi maji. Mvua ya saa moja yote inateremka kwako ikiwa na mchanga na majani. Mtaro wa nyuma ya nyumba uchimbwe usafishwe Oktoba, na kijana ausafishe baada ya kila mvua kubwa, asisubiri zamu yake ya wiki. Mtaro ukijaa mchanga maji yanageukia mlango wa nyuma. Gata nazo ziondolewe majani siku ile ile ya kukagua bati.

Ziwa lenyewe: lilipanda sana 2020, likarudia 2024, na walioathirika ni waliojenga ndani ya zile mita 60 ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza. Wewe mita mia kidogo uko salama kwa hilo, ila kama una boti au pampu ya bustani chini ufukweni ipandishe juu ya alama ya maji ya zamani. Magugu maji yakisukumwa na upepo yanakuja na uzito wa kung'oa kamba.

Watu: mwenyekiti wa mtaa ajue tarehe, na umuache namba mbili za simu. Majirani wawili, siyo mmoja. Kijana apewe ufunguo wa geti na wa mlango mmoja tu, na karatasi iliyoandikwa nini afanye kila wiki. Picha anazokutumia ziwe na kitu kinachobadilika, kama karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, la sivyo utapokea picha ya wiki iliyopita. Mke wako asiweke safari kwenye stetasi mpaka mrudi.

---

Mkazi_Luchelele

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Hii ya tarehe kwenye picha sikuifikiria kabisa. Mama Igombe, Jumamosi napandisha kijana juu ya bati.

Mawili ya mwisho: kuna cha kuangalia kwenye Coaster kabla ya kutoka? Na Aprili tukirudi, tunaanza na nini?

---

Gari_Nyumba_TZ

Coaster kwa ufupi, maana uzi ni wa nyumba.

Maji lita 120 ni kilo 120. Tenki likiwa upande mmoja nyuma ya ekseli, gari linalala na kuyumba kwenye kona. Lihamishie katikati au usafiri na robo, ujaze unakofikia. Ukiwa na uzito wa tani 3.5 na kuendelea unapita mizani, kwa hiyo pakia kila kitu, nenda ukapime kabla ya safari, ekseli kwa ekseli. Nyuma ndiko watu wanapozidisha.

Mtungi wa gesi usimame wima, umefungwa mkanda, kwenye kisanduku kisichopitisha hewa kwenda ndani na chenye tundu chini. Gesi ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni. Tundu la juu halisaidii. Gari likitembea, valvu imefungwa. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote baada ya kilomita mia za kwanza, mtikisiko unalegeza klipu.

Matairi: soma tarakimu nne za mwisho pembeni. 2219 ni wiki ya 22 ya 2019. Kashata (meno ya tairi) nzuri si ushahidi; tairi lililozidi miaka sita kwenye gari linalosimama muda mrefu lina nyufa ubavuni. Betri ya nyumba na ya injini zitenganishwe na rilei, usije ukashindwa kuwasha asubuhi kwa sababu ya feni.

Na ujue Tanga Novemba bado ni vuli. Ukavu wenyewe ni Januari na Februari.

---

FundiBomba_Kirumba

Kurudi: mtafika katikati ya masika, mwezi ambao nyumba ina unyevu kuliko yote. Kwa hiyo hewa kwanza. Fungua milango na madirisha pande zote, subiri saa nzima, ukague na tochi darini, nyuma ya makabati na ndani ya viatu kabla ya kuweka mkono. Nyigu hujenga kwenye midomo ya mabomba na buibui kwenye vichomeo vya jiko la gesi; mwali ukiwa wa njano na unatoa masizi, ng'oa kichomeo upulize.

Meni washa breka moja moja, vifaa vikiwa bado vimechomolewa. Breka inayokataa kukaa, acha, panya amefika kwenye waya.

Maji: ng'oa vichujio vya midomo ya koki kwanza. Fungua valvu ya mita, kisha ile ya kutokea tenkini robo tu, huku koki ya mbali zaidi ikiwa wazi, hewa itoke ikikohoa bila kupiga mabomba. Angalia fleksibo zote kwa dakika kumi, ndipo ufungue yote. Bafuni acha maji yatiririke dakika tano dirisha likiwa wazi na wewe uko nje; maji yaliyolala kwenye bomba la joto huwa na bakteria wanaoingia kwa mvuke.

Tenki: tumia yale maji ya zamani kuoshea, mwaga yote, sugua. Jaza upya, weka jiki ya klorini asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa kila lita 1,000. Likijaa lako ni lita nne na nusu. Pitisha mpaka usikie harufu kila koki, funga, acha kwa saa 12. Kisha mwaga uwanjani kidogokidogo, si kwenye shimo la maji taka na si kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Jaza tena, hayo sasa ni ya kupikia. Ya kunywa chemsha kama siku zote.

Pampu ya presha ndiyo ya mwisho, na usisahau bisibisi.

---

Umeme_Nyegezi

Mzee Pasiansi, kwenye taa nimekubali, ya manjano tena getini. Mkazi, waya wa hadi getini ukizidi mita 20 tumia wa milimita mraba 2.5, mwembamba utafanya taa ififie.